Mkanda Uliokatikia Ziwani

Mama ndiye aliyenituma. Mdogo wangu Barasa anafanya kazi kaskazini mwa Ufini, kwenye nyumba za kukodishia watalii, na kwa miezi mitatu alikuwa akitupigia simu ya video huku mkono wake wa kulia hauonekani. Mimi sikuwa nimeliona hilo. Mama aliliona. "Nanjala," aliniambia tukiwa jikoni kwetu Buruburu, "huyo mtoto ni wangu. Kuna kitu anaficha. Nenda ukamwone kwa macho yako." Nilikuwa na likizo ambayo sijaigusa pale ofisini. Barasa akatuma barua ya mwaliko, na mwishoni mwa Januari nikaondoka na unga wa wimbi ambao Mama aliufunga kwa karatasi tatu.

Ndani ya ndege sikulala. Kila nikifumba macho nilimwona Barasa hana vidole, halafu hana kiganja, halafu shati limekunjwa begani. Mhudumu aliniuliza kama naumwa.

Siku ya pili, saa sita mchana, nilishuka kwenye uwanja mdogo uliozungukwa na theluji. Barasa alikuwa amesimama mlangoni na glavu kubwa kama za bondia. "Niaje, siz!" akanikumbatia kwa mkono mmoja. Nilitazama upande wake wa kulia. Mkono ulikuwepo. Nikashusha pumzi.

"Mkono una nini?"

"Baridi tu. Twende, hapa jua halikai."

Alinipeleka kwa gari mwendo wa saa moja hadi ukingoni mwa ziwa lililoganda. Kutoka hapo hakuna barabara wakati wa baridi, ila pikipiki ya theluji. Kwa wale ambao hawajawahi kuiona: haina magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kutelezea, nyuma ina mnyororo mpana wa mpira unaokwangua theluji. Injini inauzungusha mnyororo huo kupitia mkanda mmoja uliopita kwenye puli mbili. Mkanda ukikatika, injini itanguruma upendavyo na hutasogea hata hatua.

Saa nane kasoro tuliingia ziwani, mimi nyuma nimemshika kiuno. Katikati ya safari tulikanyaga mahali ambapo maji yalikuwa yamejificha chini ya theluji, juu ya barafu. Pikipiki ikazama hadi kwenye vikanyagio. Barasa akavuta moto, injini ikanguruma kwa nguvu. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Tukatoka, tukaenda kidogo, kisha kitu kikapasuka ubavuni, paa! Pikipiki ikasimama.

"Mkanda umeenda," alisema.

Simu yangu ilikuwa imezimwa na baridi. Yake haikuwa na mtandao. Nyumba ilikuwa mbele kilomita nane, gari nyuma kilomita sita, na kati yetu na kote huko kulikuwa na yale maji yaliyojificha. "Ukilowa miguu hapa, siz, hufiki," alisema. Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya miti.

"Si una mkanda mwingine?"

"Uko chini ya kiti."

"Basi badilisha."

Hakusogea. Halafu aliivua glavu ya kulia kwa meno. Kidole cha shahada na cha kati havikuwepo. Cha pete kilikuwa kimekauka, hakikunjiki.

"Nilikuwa naangalia mkanda injini ikiwa inanguruma, kifuniko kiko wazi," alisema. "Puli ikavuta glavu. Ni hapa hapa, kwa mashine hii."

Nilitaka kumkemea. Badala yake nilimsaidia kurudisha glavu. Mimi ni karani. Hata balbu nyumbani hubadilishwa na jirani. Sasa ilinibidi nitie mikono yangu mahali palipokula vidole vya ndugu yangu.

"Zima, toa ufunguo," alisema. "Uweke mfukoni mwako, si mwangu."

Niliuweka. Kisha akanipa mfuko wa vifaa na mkanda mpya kutoka chini ya kiti. Ulikuwa mgumu kama bomba. Akaniambia niutie ndani ya koti, kifuani, upate joto, maana mkanda wa baridi haukunjiki. Niliusikia ukinichoma kwa ubaridi kupitia sweta.

Nilifungua ubavu wa mashine, nikachomoa pini, nikatoa kifuniko cha mkanda. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeusi kila mahali. "Toa zote," alisema Barasa akinimulikia kwa tochi. "Hasa zile zimejisokota nyuma ya puli. Ukiacha moja, itaharibu huo mpya." Nilizitoa moja moja kwa koleo. Vidole vilianza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na hilo likanitisha zaidi. Kila dakika chache alinilazimisha nivitie kwapani.

Puli ya nyuma ni sahani mbili zilizobanana kwa springi. Kuna bolti maalumu ya kuzitenganisha: unaipenyeza kwenye tundu lake na kuizungusha kwa spana hadi sahani zipanuke. Nilizungusha. Spana ikateleza, ikaangukia thelujini. Niliipapasa kwa mikono mitupu, nikalia, nikaipata.

"Pole pole, siz. Haiwaki. Ufunguo uko nawe."

Nikazungusha tena. Sahani zikapanuka. Nilitoa mkanda kifuani, nikatazama mshale uliochorwa juu yake uelekee mbele, nikauvisha puli ya mbele, kisha nikausukuma kwenye ya nyuma. Uligoma mara mbili. Mara ya tatu uliingia. Nikatoa bolti, nikarudisha kifuniko na pini kabla ya jambo lingine lolote. Barasa alikagua kila kitu kwa tochi, kisha akaniomba ufunguo.

Injini iliwaka. Aligusa moto kidogo, akaachia, akagusa tena, mkanda ukae sawa. Tukaondoka taratibu, na mpaka tunafika hakuongeza mwendo.

Kwenye nyumba za watalii, mwajiri wake, mzee aitwaye Eino, alikuwa mlangoni amevaa tayari kuja kututafuta. Aliitazama mikono yangu, akanikalisha karibu na jiko huku Barasa akimweleza kuwa mkanda ulikatika.

"Nani amebadilisha mkanda?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Dada yangu," Barasa akajibu.

Mzee akanigeukia. "Ulitoa ufunguo kwanza?"

"Nilitoa."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Barasa alikuwa akitazama sakafu.

Kwa siku nane nilizokaa, nilimpikia uji wa wimbi na kubishana naye. Alisema Mama akijua atamrudisha nyumbani, na kazi anaipenda, na Eino amemhamishia kwenye mapokezi. "Niambie tu kwamba utamwambia niko sawa," alisihi. Nilimwambia sitamdanganya Mama, na sitamsemea yeye; amwambie mwenyewe.

Jumapili niliyorudi Buruburu, Mama hakuniuliza habari za ndege. Barasa alipiga simu tukiwa mezani. Aliweka simu mahali, akainua mkono wa kulia mbele ya kamera na kuuacha hapo.

Nimejifunza kubadilisha mkanda, na nawaambia wanaokwenda huko: ufunguo mfukoni, mkanda kifuani, usiharakishe. Nimejifunza pia kwamba Barasa aliogopa chozi la Mama kuliko ile puli, na mimi pia.

Mama aliutazama ule mkono. Hakulia.

"Unauma?"

"Kukiwa na baridi."

"Na huko si ni baridi kila siku?"

"Ndiyo, Mama."

Alivuta kiti karibu na simu, akaegemeza viwiko mezani. "Haya," akasema. "Nieleze kutoka mwanzo."