Kidole cha Mama Kocha

Zamani aibu ya mtoto ilisemwa sikioni, mlango umefungwa. Siku hizi inarekodiwa, ikapigwa kwenye spika, na watu wazima wakakaa vitini kuisikiliza.

Aliyeipiga alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri, na hapo ndipo panapouma. Aliongoza timu ya michezo ya kompyuta ya chuo, na wanafunzi walimwita Mama Kocha ingawa hakuwa na mtoto. Chumba chao kilikuwa ghala la viti vibovu kabla hajakipigania. Sasa kilikuwa na kompyuta, nyaya zilizofungwa vizuri chini ya meza, na feni iliyokohoa kama mgonjwa.

Katika mchezo wao wachezaji huvaa hedifoni na kuonyana adui yuko wapi. Mama Kocha alirekodi maongezi yote, kisha baada ya mechi akawasikilizisha, ili kila mmoja ajue wapi alinyamaza alipopaswa kusema.

Siku hiyo alimwalika msimamizi wa majengo, mzee aliyetaka chumba kirudi kuwa ghala.

"Njoo usikie mwenyewe, mzee wangu. Utaona si mambo ya kitoto."

Mzee akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, kikamgeuza mpaka akatazamana na ukuta.

"Shika breki, babu!" alisema nahodha, binti asiyejua kumeza neno. Kando yake alikaa rafiki yake, chanda na pete, waliyemwita Sindano kwa kuwa hakosi shabaha.

Rekodi ikaanza.

"Kushoto! Kushoto kwako, kipofu wewe!"

"Kipofu mwenyewe, nimeshammaliza!"

Hata mzee alitabasamu. Mama Kocha akavimba kichwa. Kwa kawaida alikata sehemu ya mapumziko kabla ya kuwasikilizisha, lakini safari hii alikuwa mbioni kumpendeza mgeni, akasahau.

Sauti ya Sindano ikatoka, ya chini. "Ufunguo wa hapa unao?"

"Ninao," akajibu nahodha. "Shangazi yako ndiyo kahama kabisa?"

"Kabisa. Leo nalala tena hapa. Chini ya meza pana joto, hata mbu hawajanijua."

Mkono wa Mama Kocha ulikuwa juu ya kipanya. Angeweza kukata. Hakukata, alitaka kusikia.

"Mama Kocha akijua je?"

"Mama Kocha mbona..."

Hapo kidole kikabonyeza. Chumba kizima kilikuwa kimeshasikia habari za Sindano, na kidole kiliamka lilipofika jina la mwenye kidole.

Mzee akainuka. "Nani analala humu?"

Mchezaji mmoja akacheka puani, nahodha akampiga teke chini ya meza.

"Kocha, wewe ulikuwa na habari?"

Alikuwa nazo. Alikwisha kuona mswaki nyuma ya kioo cha kompyuta, na tangu hapo alikuwa akiondoka mapema ili asione zaidi. Akasema, "Sikuwa na habari."

Sindano alimtazama kidogo tu, kisha akasimama. "Hakujua, babu. Ni mimi."

Mzee alichukua ufunguo kwa nahodha na kusema huyo mtoto asionekane humo tena. Chumba, akasema, kibaki. Kumbe kuna kazi inafanyika.

Nyumbani Mama Kocha alimsimulia dada yake, naye akaacha kukunja nguo.

"Na chumba chetu cha wageni kina nini, kina chui?"

"Nilikusudia kumwambia."

"Kusudio halimfuniki mtu, mdogo wangu. Ulishindwa kusema 'twende kwangu'? Maneno mawili tu!"

Watu wa kale hawakuwa malaika, lakini mgeni alipokosa pa kulala, hawakusubiri moyo uwape ruhusa. Yeye aliusubiri mpaka kulipokucha, ndipo akawasha gari kwenda kumtafuta.

Aliwaona Sindano na nahodha langoni mwa chuo, na hakuwaona tena baada ya hapo. Walibeba begi moja, huyu kashika huku, yule kule. Alishusha kioo, akaita. Nahodha hakugeuka. Sindano aligeuka, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Shikamoo."

Akabadilisha mkono uliochoka, wakaendelea. Mama Kocha alipopata sauti ya kuitikia, walikuwa wameshavuka barabara.