Kaburi la Mokaya na Msitu wa Poland

Siku moja kabla ya vita kuanza, Mokaya alikuwa akipigana na sufuria. Tulikuwa tumepata unga wa mahindi sokoni, unga wa njano uliosagwa kwa chenga kama mchanga, naye alikuwa ameapa kuusonga mpaka ushikane kama ugali wa kwao Keroka. Haukushikana. Tuliula hivyo hivyo kwa vijiko, pamoja na kabichi, huku theluji ikianguka dirishani.

Mimi ni mtu wa Kebirigo. Nyumbani sikuwahi kumwona Mokaya, ingawa kutoka kwetu hadi kwao si safari. Tulijuana mashariki mwa Ukraine, katika mji tuliokwenda kusomea uhandisi. Alinisikia nikiongea Ekegusii, lugha ya kwetu, kwa simu mbele ya duka la mikate, akasimama kwenye baridi akanisubiri nimalize. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumepanga nyumba moja.

Jioni hiyo mama yake alipiga simu. Alikuwa mjane, akiuza ndizi kando ya barabara, na alikuwa amesikia kwenye redio kwamba huko tulikokuwa kutakuwa na vita. Mokaya alimwambia kwamba watu walikuwa wakienda kazini kama kawaida, kwamba mabasi yalikuwa yakitembea, na kwamba mafundi walikuwa wamekuja kuziba mashimo kwenye barabara yetu. Yote yalikuwa kweli. Hata mimi ningemjibu hivyo.

Alfajiri vioo vya madirisha vilitetemeka. Tulidhani ni radi, kwa sababu sisi ni watu wa radi, kwetu hupiga kila mara. Halafu vikatetemeka tena, na mbwa wote wa mtaa wakaanza kubweka kwa pamoja.

Tulihamia chini ya jengo, katika chumba ambamo majirani walikuwa wakihifadhi viazi na baiskeli. Aliyetupokea alikuwa Serhiy, dereva wa basi aliyekuwa akiishi ghorofa iliyo chini yetu. Kabla ya hapo alikuwa akitusalimia kwa kichwa tu. Sasa alitutandikia mlango wa zamani sakafuni tuulalie, akatuonyesha mahali pa kuweka viatu. Ukuta ulikuwa unatoa maji, na kulikuwa na harufu ya udongo, kutu na nguo mbichi. Siku zikapita humo. Tulijifunza kutofautisha sauti: ya mbali, ya kupita, ya kuja.

Maji yalikatika. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na bomba la mkono, nasi vijana tulichota kwa zamu, asubuhi, saa ambazo kwa kawaida palikuwa kimya. Siku ile zamu ilikuwa ya Mokaya.

Alivaa koti langu kwa sababu lake lilikuwa halijakauka.

"Nikikuta mkate nichukue?" aliuliza.

"Chukua."

Hatukusema zaidi.

Kishindo cha kwanza kilikuwa mbali.

Cha pili hakikuwa mbali.

Vumbi lilimwagika kutoka juu. Mtu alianza kuomba. Serhiy alisimama, nikamfuata.

Watu kadhaa walikuwa wamelala karibu na bomba. Mokaya alikuwa ameketi, mgongo ukutani, madumu yote mawili kando yake. Yalikuwa yamejaa na kufungwa vizuri. Alikuwa amemaliza kuchota.

Nilimwita. Nilimwita kwa Ekegusii, nikamwita kwa jina la baba yake. Serhiy aliweka kidole shingoni mwake, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akavua kofia.

Makaburini hapakufikika. Tulimzika uani, nyuma ya jengo, chini ya mti wa matunda usiokuwa na jani hata moja. Serhiy aling'oa ubao wa kitanda chake, akaniuliza jina lile linatamkwaje, akaliandika kwa herufi za kwao. Mokaya na mimi sote tulikuwa Waadventista, nami nilijaribu kumwimbia wimbo ambao kwetu huimbwa mtu anaposhushwa kaburini. Ubeti wa kwanza ulitoka. Wa pili haukutoka. Kina mama wa jengo lile walisimama na vitambaa vyao kichwani wakinitazama, hawajui kama nimemaliza au bado.

Nilipopata mtandao sikumpigia mama yake. Kwetu mama hapelekewi habari kama hiyo kwa simu. Nilimpigia baba mdogo wa Mokaya, aliyekuwa akikaa Nyaramba. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nina uhakika, nikasema ninao. Akasema yeye na wazee watakwenda Keroka kabla jua halijatua, na kwamba mimi niondoke hapo.

Serhiy alitupeleka stesheni kwa basi lake, sisi tuliotaka kuondoka. Yeye alibaki. Alisema mtu mmoja lazima abaki na jengo. Nilisafiri kwa treni nimesimama, nikashuka, nikatembea na umati kuelekea mpaka wa Poland, wanawake wakivuta masanduku kwenye tope la theluji na watoto wakilia bila sauti, kama waliochoka hata kulia. Sikumbuki sana mpaka wenyewe. Nakumbuka kwamba upande wa pili mtu alinipa supu, nami nikashindwa kushika kijiko.

Hapo ndipo nilipompata Pani Halina. Pani kwao ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema mama fulani. Alikuwa mjane aliyefanya kazi ya kutunza misitu maisha yake yote, na alikuwa ameendesha gari kutoka mbali, kaskazini, kwenye eneo la misitu lenye ziwa baada ya ziwa, kuja kuchukua yeyote asiye na pa kwenda. Alikuwa amefundishwa Kirusi shuleni zamani, nami nilikuwa na Kirusi cha chuoni, kwa hiyo tukaelewana kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeipenda siku hizo.

Kijiji chake kilikuwa nyumba chache kati ya msitu na ziwa. Nilikaa chumbani bila kutoka. Asubuhi moja aliniwekea viatu vya marehemu mumewe mlangoni, akasema anakwenda kutembea na kwamba msitu ni mkubwa kwa mtu mmoja. Nikavivaa.

Tangu siku hiyo tulikuwa tukitembea kila siku. Miti ya kwao ni mirefu na imenyooka, na chini yake ni kimya kiasi kwamba unasikia theluji ikidondoka kutoka tawini. Kulikuwa na njia zilizochorwa alama za rangi kwenye magome, nao wageni huja kutoka mijini kuzifuata na mifuko yao mgongoni. Halina alitembea bila kutazama alama. Alinionyesha nyayo za paa, na shimo ambamo mnyama mmoja hulala majira yote ya baridi. Hakuniuliza neno kuhusu nilikotoka.

Siku moja njia ilitufikisha kwenye mahandaki ya saruji, makubwa kama nyumba, yaliyopasuka na kulaliana, kuta zimejaa kuvu na miti imeota juu yake. Halina alisema wanajeshi waliyajenga katika vita vya wakati wa wazazi wake, na walipokimbia wakayalipua. Mume na mke walikuwa wameketi juu ya kipande kimoja wakinywa chai, mtoto wao akipigwa picha mlangoni. Halina aliniuliza kama ningependa kuingia ndani. Nilisogea hadi mlangoni. Harufu ilinijia: maji ya ukutani, kutu, udongo. Nikarudi nyuma, nikasimama njiani nikiwapa mgongo.

Siku nyingine tulikuwa tukipita kando ya ziwa. Lilikuwa bado limeganda, lakini jua lilikuwa limeanza kupata nguvu.

Kishindo.

Kilitoka chini, kikapita kutoka ukingo hadi ukingo.

Nilijikuta kifudifudi kwenye theluji, mikono kichwani. Kikaja kingine.

"Ni barafu," Halina alisema. "Inapasuka. Ni barafu tu."

Nilisikia na nilielewa. Mwili haukuelewa. Basi yule mama, mwenye magoti mabovu, alishuka taratibu akaketi kwenye theluji kando yangu. Ziwa liliendelea kunguruma. Tulikaa hapo mpaka nilipoweza kusimama, kisha mimi nikamwinua yeye.

Kisha akanipeleka kwenye makaburi. Yalikuwa juu ya kilima kidogo ndani ya msitu, ziwa likionekana chini kati ya mashina. Misalaba ya chuma na mawe madogo, safu kwa safu. Halina alisema haya yalitokana na vita vya kabla ya vile vya mahandaki, vya wakati wa babu yake, na kwamba majeshi yote mawili yaliyopigana hapo yalizikwa kwenye kilima hicho hicho. Alitoa brashi mfukoni, akapiga magoti, akaanza kukwangua kuvu kwenye jiwe moja mpaka herufi zikaanza kuonekana.

Nilimwuliza kama ni watu wake. Akasema si wake, hata kabila si moja. Watu wake walihamia huku baadaye, waliletwa na vita vingine.

"Sasa mbona unawashughulikia?"

"Mama zao hawakufika hapa," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi naishi karibu."

Nikaketi juu ya gogo, nikamweleza kuhusu Mokaya. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema yale mambo kwa mpangilio tangu nilipozungumza na baba mdogo wake. Kirusi changu kilikuwa kibovu, na pengine hiyo ilinisaidia, maana sikuwa na maneno ya kupamba. Nilipomaliza aliniomba nilitamke jina. Alilirudia mpaka akalipata sawasawa. Kisha akanipa brashi, akatoa nyingine.

Nilirudi nyumbani kabla ziwa halijaganda tena. Shahada sikumaliza; sasa ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Watu wa kwetu ni wapole, hawanisumbui kwa maswali. Lakini mvua ya mawe ikipiga mabati alasiri, kama inavyopiga huku karibu kila wiki, natafuta ukuta kabla sijajua ninatafuta nini. Nikiwa Keroka, dereva wa lori akiangusha mlango wa nyuma wa gari lake, nasimama katikati ya watu nimebana pumzi. Kuna mwaka nilimwona Mokaya sokoni, mgongo tu, ndani ya koti langu. Nilimfuata hadi akageuka.

Kwa mama yake nilikwenda wiki ile ile niliyofika. Nilikuta ndugu wamekutana. Wazee walitaka uzikwe mgomba badala ya mwili wake, kama zamani, ili boma litulie na wadogo zake waweze kuoa. Mzee wa kanisa alisema hawezi kuombea mgomba. Walibishana kwa heshima, lakini walibishana, na mama aliwaacha mpaka wakachoka.

"Mwanangu ana kaburi," alisema. "Sijaliona tu."

Mgomba haukuzikwa.

Kwa muda Serhiy alikuwa akishika simu. Aliniambia mti uani ulikuwa umechanua, na kwamba alikuwa ameshindilia ubao usilegee. Baadaye aliniambia upande mmoja wa jengo umeanguka. Kisha simu yake ikawa haiiti. Najaribu hata sasa. Yote haya nilimwambia mama Mokaya, pamoja na hilo la mwisho, kwa sababu nilimwona ni mtu ambaye hataki kufichwa.

Vita havijaisha. Sijui kama kaburi bado lipo, wala nani anaishi karibu nalo, wala kama anajua kusoma lile jina kisha akajua kuwa ni la mtu. Nimeshazoea kutojua, kama mtu anavyozoea mguu mbovu: natembea nao.

Huwa napita kwa mama Mokaya Jumapili. Tunakaa jikoni, yeye akimenya ndizi, na kuna mambo ambayo huniuliza moja moja, hayaulizi yote kwa siku moja. Juzi aliniuliza udongo wa huko ulikuwaje.

Nilimwambia ulikuwa mweusi, mweusi kuliko wowote niliowahi kuuona, na kwamba juu ulikuwa umeganda ikabidi tuwashe moto kwanza ndipo jembe likaingia.

"Na chini?"

"Chini ulikuwa laini, mama."

Aliinama akaokota ndizi nyingine, akaigeuza mikononi bila kuimenya.

"Laini," alisema.

Nikamwacha na neno hilo.