Sala Juu ya Hotipoti Tupu

Sijawahi kuisimulia hii aibu mpaka mwisho, kwa sababu kila nikikaribia pale hotipoti zinapofunuliwa masikio huanza kuniwaka, nikatafuta jambo lingine la kusema, mvua, majani chai, chochote kile. Leo nitafika mwisho. Mkitaka kucheka chekeni, wenye haki ya kucheka walishatangulia.

Mwanzo wake ni kwamba niliacha ualimu ili niandike riwaya, na aibu ya uamuzi huo hakuibeba mtu mwingine ila mama yangu, kule nyumbani Muthara. Mama Kaburia, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, alimwambia mbele ya wenzao kwamba msichana anayetupa chaki ili aandike hadithi atarudi kula kwa mama yake. Mama aliliweka moyoni. Alingoja. Riwaya ilipotoka, nikakodi kanyumba ka vyumba viwili huku Manyatta, juu ya Embu, mahali ambapo mashamba ya chai yanapanda taratibu hadi yanamezwa na ukungu, nikatangaza kwamba Jumamosi moja mlango wangu utakuwa wazi kutwa nzima kwa sherehe ya kitabu na nyumba. Mama akaona jibu lake limefika. Akawaalika akina mama wote wa kikundi, kumi na wanne, akiwemo Mama Kaburia.

Alhamisi akanipigia simu. "Kendi, nije kesho na wenzangu wawili tuanze kuchemsha mahindi na maharagwe? Mukimo wa watu wengi, mpaka upondwe, hauanzwi asubuhi."

Hapo ndipo nilipojimaliza.

"Hapana, Mama," nikasema. "Siku hizi watu hawajitesi hivyo. Nitaweka vyakula vyepesi mezani, mtu aingie saa anayotaka, ajihudumie."

"Kila mtu?" akauliza.

"Kila mtu."

"Haya," akasema, na ile haya ilikuwa ndefu kama barabara ya kwenda kwetu, lakini mimi sikuisikia.

Msinielewe vibaya, si uvivu tu (uvivu ulikuwepo, siukatai). Tangu utotoni sherehe zote nilimwona mama kwa nyuma, ameinama katika moshi, akija kuketi wageni wameshaaga. Nilikuwa nimeapa sitakuwa mwanamke wa nyuma ya moshi, tena katika riwaya yangu kuna ukurasa mzima ambapo shujaa wangu anatupa mwiko mtoni, ukurasa ambao rafiki zangu waandishi waliusifu sana, na kwa kweli hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuosha sufuria ya watu ishirini. Kwa hiyo nikaandaa hotipoti tatu kwenye meza ya veranda: moja ya sambusa, moja ya vinofu vya nyama vilivyochomwa vijiti vya meno, moja ya vipande vya mkate vilivyopakwa avokado. Pembeni chupa mbili za chai. Nikafunika kila kitu kwa sababu ya baridi, nikafunga kitambaa kichwani, nikajiona mwenyeji wa kisasa.

Saa nne wakaingia marafiki zangu wa Embu, watu sita wa mashairi na mijadala. Walijihudumia vizuri mno. Mugendi, mshairi, kila alipomaliza hoja moja alifunua hotipoti, akachukua kimoja, akafunika, akaanza hoja nyingine, na jamaa huyu ana hoja nyingi.

Saa saba hivi nikasikia wimbo langoni. Walikuwa wamefika, na hawakuja mmoja mmoja kama nilivyowaza, wamekuja wote pamoja, na vitambaa vyao vyeupe vya kanisani, kila mmoja na kiondo, kikapu cha kufumwa, kilichojaa begani. Walikuwa wametoka Muthara kwa gari la kukodi saa kumi na moja alfajiri bila kula (nani hula akienda kwenye karamu?). Walinikumbatia, wakaniita mwari wetu, binti yetu, wakashika kuta za nyumba wakizibariki. Mama alikuja wa mwisho. Alikuwa amevaa viatu vyake vya Krismasi.

Nikapeleka viondo jikoni, wakaketi kwenye viti vyangu vya kukodi, mikono mapajani. Nikawaambia, "Jisikieni nyumbani, chakula kile pale mezani, jihudumieni."

"Asante, mwari," wakajibu kwa sauti moja. Hakuna aliyeinuka.

Nikadhani wamekula njiani. Kumbe kwetu mgeni hafunui chombo cha mwenye nyumba, na mama mzima hainuki kwenda kujichotea kama aliyefiwa na wenyeji, tena chakula hakiguswi kabla hakijaombewa. Na haya yote niliyajua, jamani, nimelelewa nayo, sijui siku ile nilikuwa nimeyaweka wapi. Nilimpelekea Mama Kaburia kinofu kimoja kwenye kijiti, kwa madaha, bila kuchungulia vimebaki vingapi. Akakitazama, akakitafuna taratibu.

"Hii ni ya kuonja chumvi?" akauliza.

Nikacheka nikidhani ni utani, nikaitikia kwa kichwa.

"Imetosha," akasema, akawageukia wenzake. "Chumvi imetosha. Sasa tungoje."

Wakangoja. Wote waliamini chakula chenyewe kiko jikoni kinaiva, mama yangu akiamini kuliko wote. Mimi, nikiona wametulia, nikadhani wananogewa, nikaleta riwaya nikawasomea. Mnajua niliwasomea ukurasa gani? Ule wa mwiko mtoni. Nikasoma kwa hisia, nikapandisha sauti, nikaishusha, na pale mwiko ulipokuwa ukizama, tumbo la mama mmoja wa safu ya mbele likanguruma hata Mugendi akaacha kutafuna.

Mama Kaburia akasimama. "Maneno tumeshiba, mwari. Sasa tuombee chakula."

Akatuongoza hadi mezani, akaweka kiganja juu ya hotipoti ya katikati, akaomba. Aliomba kwa Kimeru, kwa muda mrefu. Alibariki mikono iliyopika, alibariki kuni zilizowaka, kisha akaomba msamaha kwa kumdharau mtoto huyu mbele ya mama yake, kwa kuwa leo Mungu ameonyesha kwamba anajiweza. Nilifumbua jicho moja nikamwona mama. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Amen."

Akafunua. Ya kwanza: majani mawili ya dhania. Ya pili: vijiti vya meno. Ya tatu: nusu kipande cha mkate, kimeumwa, alama za meno zikionekana wazi kwenye avokado.

Mugendi akajifuta mdomo kwa kiganja. Kisha sauti ya mama mmoja nyuma, ya chini kabisa: "Na avokado yenyewe, si kwetu tunapea ng'ombe?"

Mama Kaburia hakucheka. Alinitazama, akamtazama mama, na nafikiri hata yeye alitamani ile sala irudi mdomoni. Mama akapangusa machozi, ambayo sasa yalikuwa ya kitu kingine, akavua viatu vyake vya Krismasi, akavipanga vizuri kando ya ukuta. "Jiko liko wapi?"

Jikoni kwangu sufuria kubwa kuliko zote inatosha vikombe viwili. Ikabidi mama mwenye nyumba, jirani yangu, atoe sufuria yake ya matanga, mawe matatu yakapangwa uani, na viondo vikafunguliwa. Ndizi mbichi, viazi, minji, mahindi, zawadi zote walizoniletea, zikaanza kumenywa na wenye kuzileta, vitambaa vyeupe vimefungwa kiunoni. Nikachukua kisu nisaidie. Mama akaninyang'anya polepole, bila kuniangalia.

"Wewe kaa na wageni."

Nimetukanwa maishani, lakini hakuna tusi lililonichoma kama hilo. Nikakaa. Saa kumi na moja tukala, na mama alinipakulia sahani yangu, akaniletea kwa mikono miwili, kama anavyompa mtu asiyemfahamu.

Wakati wa kuaga nikakumbuka viondo. Kwetu kiondo kilichokuja na kitu hakirudi kitupu, na mimi sikuwa na hata gramu moja ya sukari. Nikakimbilia chumbani, nikarudi na nakala za riwaya yangu, nikatumbukiza moja katika kila kiondo. Mama Kaburia akaitoa yake, akaipima uzito mkononi.

"Na hii, mwari, inachemka kwa muda gani?"

Hapo ndipo walipocheka, wote, hadi dereva. Mama alivaa viatu vyake.

Gari lilipoondoka nikaona kiondo cha mama kwenye msumari wa jikoni, kitupu, riwaya ameondoka nayo. Nikampigia: "Mama, umesahau kiondo."

"Sijasahau," akasema.

Nilikaa wiki mbili bila kuthubutu kupiga tena. Nilipopiga, akaniambia kwamba Mama Kaburia alisimama kanisani kutoa ripoti ya safari.

"Alisema nini?"

"Alisema nyumba ni nzuri," mama akajibu. Akavuta pumzi. "Na chumvi ilikuwa imetosha."

Sikujua kama anacheka au analia, na sikuuliza. Kiondo bado kiko kwenye msumari, kinywa wazi, nakiona kila asubuhi nikichemsha chai. Mwezi ujao nakipeleka Muthara kimejaa, na nikifika nitainama kwenye mawe matatu ya jikoni kwetu, mama aketi mbele na wageni. Na neno jihudumie, naapa, halitatoka tena mdomoni mwangu mbele ya mtu aliyenizidi umri.