Meza ya Vitabu Vilivyochakaa

Vijana walimwita Mama Gundi, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa fundi wa kukarabati vitabu katika maktaba ya umma, chumba chake kikiwa nyuma kabisa, baada ya stoo ya mafagio. Humo mlikuwa na dirisha moja, meza moja nzito, sindano, nyuzi na makopo ya gundi. Kabla ya hapo alikuwa mshonaji wa nguo. Siku moja aliitwa kushona mapazia ya ukumbi, akakuta kitabu kimeachana na jalada lake, akakishona bila kuombwa. Mkutubi mkuu alipokiona akamwambia asiondoke, naye hakuondoka.

Kazi ile ilimpa ujuzi ambao wengine pale hawakuwa nao. Alijua vitabu gani vinapendwa bila kumuuliza mtu. Kitabu kinachopendwa hurudi kimevunjika mgongo, pembe zimejikunja, kurasa fulani zina alama za vidole. Kisichopendwa hubaki kinang'aa kama kiatu ambacho hakijawahi kwenda safari.

Mwaka ule maktaba ilitangaza tena Siku ya Vitabu kwa ajili ya vijana. Mkutubi mkuu, mtu wa nidhamu aliyepiga pasi hata leso, akapanga meza ndefu katikati ya ukumbi: vitabu vipya, kitambaa cheupe na ratiba yenye hotuba tatu. Mama Gundi alipita na toroli lake, akasimama.

"Mzee, vitabu hivi vijana hawavijui."

"Ndiyo maana tunawaonyesha."

"Mwaka jana pia tuliwaonyesha. Walikula biskuti, wakaenda zao."

Mkutubi mkuu akanyoosha pembe ya kitambaa. "Sasa unataka tufanyeje?"

"Nipe meza moja. Niweke vile vya chumbani kwangu."

"Vilivyochanika? Mbele ya mgeni rasmi? Mama, utatuvua nguo hadharani."

"Nguo iliyochakaa ndiyo iliyovaliwa, Mzee. Meza moja tu. Mambo yakiharibika, lawama nitabeba mimi."

Mkutubi mkuu akashusha pumzi. "Basi. Lakini iwe pembeni, karibu na mlango."

Jumamosi asubuhi Mama Gundi alikuja na mpwa wake, binti wa kaka yake, mwenye mwandiko mzuri. Walipanga vitabu kumi na saba vyenye majeraha ya kila namna, na binti akaandika kwenye kadi kubwa: *Nani alikichakaza hiki? Simama useme.*

"Shangazi, nani atakubali kujitaja?" aliuliza.

"Huenda asitokee hata mmoja," alisema Mama Gundi, akaisimamisha kadi vizuri.

Kufikia saa nne ukumbi ulijaa. Hotuba ya kwanza ilianza, ikaendelea, ikaendelea tena. Vijana walianza kuchomoka mmojammoja kuelekea mlangoni, na njiani macho yao yakaangukia ile kadi. Kijana mrefu aliyevaa jezi ya mpira akainua hadithi ya mpelelezi kipofu, akaifunua katikati, akacheka peke yake.

"Hili doa la chai ni langu," alisema. "Nilifika pale anapofungiwa ghalani, nikasahau kama nimeshika kikombe."

"Kumbe ni wewe," akadakia msichana nyuma yake. "Mimi nilidhani ni damu. Nilikaa siku mbili naogopa kufunua ukurasa unaofuata."

Watu waliangua kicheko. Mwingine akasema kile kilicholowa ni chake, alikuwa akisoma huku anaosha miguu, mmoja mmoja. Mwingine akakiri kwamba mdogo wake wa miaka miwili ndiye aliyetafuna ile pembe, lakini kitabu kilikuwa kitamu, hivyo hakumlaumu. Foleni ikajipanga yenyewe. Mzungumzaji alijikuta akihutubia viti. Mgeni rasmi, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alikunja karatasi za hotuba yake, akazitia mfukoni, akaja naye mezani.

"Hiki cha nyota," alisema, "nilikificha nyuma ya rafu ya kilimo ili asikiazime mtu mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na minne."

Mkutubi mkuu akamkazia macho. "Mheshimiwa, kitabu hicho nilikitafuta mwaka mzima."

"Nisamehe, mwalimu," alijibu mgeni rasmi, na ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mkutubi mkuu mwenyewe alicheka mpaka akaitumia ile leso. Kisha akaenda kuchukua kipaza sauti, akakiweka kwenye meza ya mlangoni.

Hapo akasogea msichana mwembamba mwenye miwani. Alishika riwaya ya madada wawili waliogombana, akaifungua mahali palipochanika.

"Ukurasa wa mia na tisa haumo," alisema. "Ninao mimi. Niliuchana."

Alieleza kwamba mama yake alikuwa amelazwa, na kila jioni alimsomea barua ambayo dada mdogo anamwandikia mkubwa. Siku ya kurudisha kitabu ilifika mama akiwa bado kitandani. "Mama alipona. Baadaye nikaona haya kuurudisha." Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyofungwa ndani ya plastiki, haina hata mkunjo.

Watu wakamgeukia Mama Gundi. Ukurasa ule aliutafuta sana, hata akamlaani aliyeuchana.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikutukana sana humo chumbani. Niwie radhi. Sasa kabla sijaushona, tusomee."

Msichana akasoma. Alipofika mwisho wa ukurasa, kijana wa jezi akauliza, "Sasa dada mkubwa alijibu nini?"

"Kasome," msichana alimwambia.

Mikono zaidi ya ishirini ikanyooka kuomba kukiazima, na nakala ilikuwa moja tu. Mama Gundi akatia uzi kwenye sindano, akamwambia msichana wa miwani ashike hapa na pale, akaurudisha ukurasa mahali pake huku watu wamemzunguka kama wanaotazama mechi. Mpwa wake ndiye aliyetoa wazo: kwa nini wasikisome wote, pale pale, tangu mwanzo?

Wakakaa sakafuni. Kipaza sauti kikazunguka, kila mtu kurasa mbili. Aliyekosea alisahihishwa, aliyesoma vizuri alipigiwa makofi. Mgeni rasmi alisoma sehemu ya dada mkubwa kwa sauti nyembamba, watu wakashika mbavu. Saa kumi na moja mlinzi alikuja na funguo, akasikiliza akiwa amesimama, halafu akavuta kiti.

Walifika nusu ya kitabu tu, wakaahidiana kukimalizia Jumamosi inayofuata. Mkutubi mkuu aliiandika kwenye ratiba ya maktaba kwa kalamu ya wino, na akauliza nani wangependa kufundishwa kushona vitabu. Wanne wakajitokeza, msichana wa miwani akiwa wa kwanza.

Mama Gundi alifika nyumbani hawezi hata kukaa. Mumewe, fundi saa, alimtazama akizunguka jikoni na sufuria tupu mkononi.

"Vipi, kazi ilikuwa nyingi leo?"

"Mume wangu, ukiacha kitabu kimoja tunachokisoma wote, ile meza yote imeazimwa," alisema. "Vingine vyote vimeondoka vikiwa vimechanika hivyo hivyo. Walikataa kusubiri nivitengeneze."