Ugomvi wa Bibi Nisiyekuwa Naye

Ninaishi peke yangu katika mtaa wa Mapendo, kwenye nyumba ya mbao, na ninaandika hadithi. Aliyenifundisha uandishi alinishauri nisome mazungumzo kwa sauti ninaposahihisha, kwa sababu sikio hukamata maneno ya uongo ambayo jicho huyapita. Basi Jumapili iliyopita nikasoma ugomvi wa mume na mke, kila mmoja kwa sauti yake. Maneno ya mke yalisikika kama ya kitabuni. Nikayabadilisha na kuyasoma upya, mpaka kilio chake kikanitoa machozi mimi mwenyewe.

Nikasikia hodi. Alikuwa Mama Furaha, jirani yangu, pamoja na mume wake, bado wamevaa nguo za misa.

"Papa, tumesikia yote," akasema kwa upole. "Tulienda misa ukimutesa huyu mama, tumerudi bado unamutesa. Mwite, tuongee."

"Mama, hakuna mutu. Nilikuwa ninasoma hadithi yangu."

Hakuniamini. Akaingia, akatazama kitanda chembamba, sahani moja, kikombe kimoja, kisha karatasi mkononi mwangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Akamgeukia mume wake.

"Ni kweli," akanong'ona. "Hana mutu."