Stendi Iliyohamia Mikoroshoni

Niliondoka Kiswere kwa sababu mdogo wangu, Bi Somoe, alikuwa karibu kufunga mkahawa wake mjini Lindi. Mkahawa huo, baina ya soko na msikiti, ndio uliomlisha yeye na wajukuu tangu afiwe na mume. Zamani mabasi yalishusha watu mlangoni pake. Sasa mabasi ni ya watu binafsi, na wenyewe wameanza kushushia nje ya mji. Walitaka iwe hivyo daima. Wazee wa mji wangeamua Ijumaa.

Alhamdulillahi, hadi Mchinga tulifika salama, ingawa barabara ilinitikisa meno yaliyobaki.

Kabla ya Lindi basi likasimama kwenye mikorosho.

“Mwisho wa gari, babu!” akasema utingo.

“Mji uko wapi?”

“Mbele huko. Tembea tu, shehe, kila hatua thawabu.”

Nikamwambia thawabu hizo achukue yeye, pamoja na kiroba changu cha muhogo. Abiria wakacheka. Kiroba nikajitwika mwenyewe.

Mjini nilifika nimelowa jasho. Hapa mtu alikuwa akishuka, anaswali, anamwona mgonjwa hospitali, ananunua kitambaa, anakunywa chai, yote kwa miguu yake. Sasa maduka yamejaa vitenge, redio na sabuni za kila rangi, na njia ni tupu. Miaka ile tulikuwa na watu bila bidhaa. Leo tuna bidhaa bila watu!

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Chai ipo?”

“Chai ipo, kaka. Wanywaji ndio wako mikoroshoni.”

Ijumaa, baada ya swala, tulikutana madrasa, na mwakilishi wa wenye mabasi akiwa mgeni wetu. Mwenyekiti wa wazee alieleza ombi la wenye mabasi, akalisifu. Wote wakainama. Kwetu mzee hapingwi mbele ya mgeni. Manung'uniko huwekwa akiba ya barazani. Kisha akanigeukia.

“Shehe, tusomee Fatiha tufunge.”

Kwa desturi yetu, ikishasomwa Fatiha, jambo limekwisha. Mikono nilikwisha kuiinua. Nikaishusha.

“Sisomi.”

“Una udhuru, shehe?”

“Ninao. Hamjakubaliana, mmenyamaza tu. Waulizeni wanawake nyuma ya pazia.”

Bi Somoe hakungoja kuulizwa. “Mwenyekiti, mama yako akija hospitali kutoka shamba, nani atambeba toka mikoroshoni? Wewe, na mgongo huo?”

Watu wakaangua kicheko, na ndimi zikafunguka. Kila mtu alirudia aliyoyasema mwenzake, hadi alasiri, nikautamani ule ukimya. Mwishowe mwakilishi wa wenye mabasi akakubali: gari zitaingia hadi sokoni, zigeuzie hapo. Ndipo nikasoma Fatiha.

Jumamosi basi lilinichukua mlangoni pa Bi Somoe. Niliaga mara mbili. Hakunisikia, alikuwa akiwamiminia abiria chai. Njiani niliwaza jinsi tunavyoita kila unyonge wetu subira. Subira tuliyoamrishwa ni juu ya yale aliyoyakadiria Mola. Stendi ile walikuwa wameikadiria wenye mabasi.