Paja la Kushoto

Raheli Shemweta ametunza kumbukumbu za hospitali moja wilayani Korogwe kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hajamfunga mgonjwa bandeji hata siku moja. Wagonjwa humfikia wakiwa karatasi. Daktari akishamaliza, jalada huletwa chumbani kwake, naye hulisoma mwanzo hadi mwisho, kisha huandika pembeni herufi na namba za kila jeraha ili wizara ijue watu wanaumia vipi. Mfupa wa paja ukivunjika ni S72. Mtembea kwa miguu akigongwa na lori ni V04. Hata ajali ambayo hakuna aliyejisumbua kuieleza ina namba yake, V89, na hiyo Raheli huichukia kama uongo.

Chuki hiyo ina asili yake. Alizaliwa Mpale, kwenye familia ya wakulima wa maharage. Alipokuwa darasa la sita, kaka yake Joseph aliteremka na magunia mawili kwenda sokoni, akarudishwa amefunikwa shuka. Karatasi aliyopewa baba yao ilikuwa na neno moja: "Ajali." Mzee aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, na kila akitajiwa Joseph aliuliza, ajali gani? Alikuwa amesimama au anavuka? Akaingia kaburini bila jibu.

Kwa hiyo Raheli akawa msumbufu. Akiletewa jalada lililoandikwa "ajali ya barabarani" tu, alilibeba mwenyewe hadi wodini akasimama mbele ya daktari. "Alikuwa anaendesha au amepakiwa? Kofia alivaa?" Na kwa kuwa namba zile hazitofautishi mguu wa kulia na wa kushoto, yeye aliongeza neno kwa wino mwekundu. Wenzake walimcheka.

"Mama Raheli, nani atakuja kuulizia kulia na kushoto?"

"Mwenye mguu," aliwajibu.

Mwaka jana mwezi wa nane, polisi walimleta mwanamume aliyegongwa kwenye barabara kuu ya kwenda Segera. Lori lililomgonga lilikuwa limeshakimbia. Hakuwa na simu wala kitambulisho, ila baiskeli iliyopondeka na mfuko wenye shati moja. Alifariki baada ya saa mbili, hajafumbua mdomo. Juu ya jalada lake pakaandikwa: "Asiyejulikana, mwanamume, miaka 35 hivi."

Siku zikapita. Polisi walitangaza, picha ikazungushwa kwenye simu, hakuna aliyejitokeza. Siku ya tisa, Gerald, mhudumu wa mochwari, alikuja kusimama dirishani kwa Raheli. Si mtu wa maneno mengi.

"Yule wa baiskeli anazikwa na halmashauri kesho kutwa," alisema.

"Hakuna ndugu?"

"Hakuna. Nimeuliza tumchimbie upande gani, wa Waislamu au wa Wakristo. Wanasema popote." Akatazama chini. "Mtu hazikwi popote, mama."

Alipoondoka, Raheli alilichukua tena lile jalada. Daktari wa zamu, kwa kuwa alimjua mama huyu, hakuwa ameacha kitu: kovu refu la upasuaji paja la kushoto, picha ya eksirei inaonyesha chuma ndani ya mfupa, kovu la zamani. Raheli akarudia mstari huo mara tatu. Chuma hakiingii mguuni chenyewe. Kuna aliyekiweka, na aliyekiweka aliandika.

Aliomba ufunguo wa stoo. Pale hospitalini upasuaji wa namna hiyo ulianza miaka minane tu nyuma, alipokuja daktari wa mifupa, kwa hiyo alijua aanzie wapi. Aliyatoa madaftari yake ya kunakilia namba zile, akafuata S72 ukurasa kwa ukurasa huku akipiga chafya kwa vumbi. Walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Wenye neno "kushoto" kwa wino mwekundu, tisini na saba. Wanaume wa umri ule waliowekewa chuma, kumi na mmoja.

Kesho yake akaanza kupiga simu.

"Mimi mzima, mama," mmoja alimjibu kwa wasiwasi. "Kuna nini?"

"Hakuna baya, baba. Mungu ashukuriwe."

Wanane walipokea wenyewe. Wawili waliulizwa kwa ndugu zao, nao walikuwa wazima. Namba ya kumi na moja haikupatikana. Jalada lilisema: Isihaka Mhando, mkulima, Kwamsisi, Handeni. Abiria wa pikipiki iliyogongana na gari dogo, miaka sita iliyopita. Ndugu wa karibu: mama yake, Tatu.

Raheli alizipeleka picha zote mbili za eksirei kwa daktari wa mifupa, ya zamani na ya mwezi ule. Daktari akaziinua pamoja dirishani. Skrubu ya chini ilikuwa imekwenda upande kidogo, katika picha zote mbili.

"Ndiye," daktari alisema. "Hii skrubu niliipinda mimi mwenyewe."

Polisi waliarifiwa, nao wakampigia mtendaji wa Kwamsisi. Asubuhi iliyofuata, siku ile ile iliyopangwa mazishi ya halmashauri, bibi mmoja mwembamba aliteremka hospitalini na mdogo wa marehemu mumewe. Waliingia mochwari na Gerald, wakatoka. Kisha bibi akaomba aonyeshwe mtu aliyemtambua mwanawe.

"Shikamoo, bibi," Raheli alisema, akimsogezea kiti.

"Marahaba, mwanangu." Tatu alikaa, mikono magotini. "Alituaga anakwenda kibarua cha mkonge huku, miezi miwili. Sisi tunajua yuko kazini. Ulimjuaje, na hujapata kumwona?"

"Kwa mguu wake, bibi. Tuliutibu hapa, tukauandika."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. "Huko njiani watu wanasema wa baiskeli hawa huwa wamelewa, wanayumba mbele ya magari. Hizo karatasi zako, zinasema mwanangu alikosa?"

Raheli hakujibu kwa kukumbuka tu. Alilifungua jalada, akamsomea maelezo ambayo polisi waliyachukua kwa muuza machungwa aliyeshuhudia, jinsi yalivyoandikwa. Kwamba Isihaka alikuwa ameshuka kwenye baiskeli. Kwamba alikuwa anatembea nje ya lami, anaisukuma. Kwamba lori ndilo lililotoka barabarani likamfuata.

"Alikuwa anatembea," Tatu alisema.

"Alikuwa anatembea, bibi. Na pombe hatukuikuta."

Hapo ndipo mama alipolia. Raheli alimngoja, naye akiwa na machozi yake, anamfikiria baba yake wa Mpale. Kilio kilipopoa, akachukua kalamu, akapitisha mstari mmoja juu ya neno "Asiyejulikana", akaandika jina kamili, akatia sahihi na tarehe. Tatu hakujua kusoma. Aliomba aonyeshwe jina liko wapi, akaliwekea kidole, akakaa hivyo kitambo.

Isihaka alizikwa Kwamsisi jioni hiyo, kabla ya magharibi, kando ya baba yake. Gerald aliomba ruhusa akausindikiza mwili. Aliporudi kazini kesho yake, alipita dirishani kwa Raheli, miguu bado ina vumbi jekundu la Handeni.

"Watu walikuwa wengi," alisema. "Hata kaburi sikuliona vizuri, nilikuwa nyuma kabisa."

Lile lori halijapatikana mpaka leo.